Milimita za Dawa Chungu

Albertville, Jumamosi, 3 Novemba 1962

Mvua ya kweli imeanza. Imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, na ziwa limepanda tena. Mtaa wa chini, pale mto Kalemie unapoingia ziwani, vyoo vitatu vimejaa maji mpaka mlangoni.

Daktari Philogène, yule Mhaiti aliyekuja baada ya Wabelgiji kuondoka, amenipa mimi, mpimaji wa labo ya hospitali, kazi ya kila wiki: nipime vijidudu vya kuhara damu na dawa tatu tulizo nazo. Naeleza hapa namna ya kupima, kwa sababu rejista ya labo haina nafasi ya maelezo. Ijumaa napaka vijidudu vya mgonjwa juu ya jeli katika sahani ya kioo. Juu yake naweka vipande vitatu vya karatasi ya kufyonza wino, kila kimoja kimechovywa dawa yake. Sahani inakaa siku nzima katika sanduku la joto, taa ya petroli chini yake. Jumamosi jeli yote imefunikwa na utando, isipokuwa pale dawa ilipoua: hapo kuna duara safi kuzunguka karatasi. Napima duara kwa rula. Likiwa pana, dawa ina nguvu. Lisipokuwapo, mgonjwa anameza unga tu.

Vidonge vyeupe, sulfamidi: hakuna duara. Dawa ya njano, tetrasikilini: hakuna duara kwa watoto tisa kati ya kumi na mmoja. Dawa chungu, kloramfenikoli: milimita 24 kwa wote.

Yaani imebaki moja. Tuna chupa nne kubwa, na hakuna anayejua ndege ya ONU, Umoja wa Mataifa, italeta nyingine lini. Daktari alitazama sahani zote, akasema, "Casimir, dawa hii ikifa, watoto wa mtaa wa chini tutawatibu kwa mikono mitupu."

Jumatano, 7 Novemba

Mvua. Paa la labo linavuja juu ya meza yangu, si mahali pengine.

Jumamosi, 10 Novemba

Dawa chungu: 24.

Nimewauliza mama wa wale watoto tisa kama waliwahi kuwapa dawa ya njano nyumbani. Saba wamesema hapana. Nimewaambia wanasema uongo. Kijidudu hakiwezi kuizoea dawa ambayo hakijawahi kukutana nayo. Watu hawa wananunua kapsuli moja moja sokoni, wanawagawia watoto wote wa nyumba ili asiwepo wa kulalamika, halafu wanakuja kwangu na uso wa kanisani.

Mama Clémentine, mwenye bustani za lengalenga, mchicha wetu, kando ya mto, hakuinamisha kichwa kama wengine. Mtoto wake wa mwisho, André, alikuwa mgongoni. Alisema, "Papa Casimir, kama ningekuwa na feza ya dawa, ningekuja kukutolea mavi ya mutoto ndani ya kopo ya maziwa?"

Wenzake walicheka. Nilimwandika: mkaidi.

Jumamosi, 17 Novemba

Dawa chungu: 24.

Jumatano, 21 Novemba

Mama Clémentine hakusema uongo. Jambo hili naliandika kwanza, kwa kuwa ni gumu kuliandika.

Leo nilipanda kufuata mto Kalemie, nikichukua maji katika vichupa kila hatua mia. Juu ya bustani za lengalenga kuna banda la kuku, refu kama behewa. Mwenyewe ni Papa Barnabé, aliyefanya kazi ya reli miaka ishirini na miwili, akipitisha treni pale Niemba na baadaye Nyunzu. Alipostaafu alimsaidia Mbelgiji mmoja kufuga. Mbelgiji alikimbia mwaka wa sitini akamwachia kuku mia mbili, na karatasi iliyopigiliwa misumari mlangoni mwa banda. Nimeinakili: *Kila asubuhi, poda ya njano, kijiko kimoja cha supu kwa ndoo ya maji. Bila kukosa.*

"Poda ya nini, Papa Barnabé?"

"Ya kuku."

"Kuku wanaumwa?"

"Hawaumwi. Njo sababu tunawapa."

"Tangu lini?"

"Tangu karatasi iliandikwa. Sikukosa hata siku moja. Hata siku askari walipiga bunduki pale daraja, nilitambaa na ndoo."

Alisema hayo kwa fahari, mzee wa watu, kofia ya reli kichwani. Nikauliza poda anaipata wapi sasa, maana Mbelgiji hayupo. Akasema magunia ya muzungu yaliisha mwezi wa sita. Sasa anafungua kapsuli, na kapsuli anazipata hospitali, kwa Ignace.

Samadi ya banda inashuka kwenye bustani za Mama Clémentine. Maji ya bustani yanashuka mtoni. Chini ya hapo wanachota maji ya kunywa.

Nilimwambia anaua watoto. Alinitazama kama vile nimemtukania mama yake. Niliondoka bila kumweleza neno lingine.

Jumamosi, 24 Novemba

Mavi ya kuku, sampuli sita: dawa ya njano, hakuna duara hata moja. Maji ya mto chini ya bustani: hakuna. Maji ya mto juu ya banda: milimita 20, duara zuri kama sarafu.

Dawa chungu: 24 kwa watoto, 25 kwa kuku.

Jumatatu, 26 Novemba

Ignace ndiye mtoa dawa wa farmasi yetu. Mimi na yeye tulianza kazi hapa mwaka uleule. Yeye ana shule ya msingi tu, lakini anasoma vizuri na hapotezi kitu. Nimekuwa nikimheshimu.

Nilimkuta anahesabu chupa.

"Unalisha kuku dawa ya hospitali."

"Nani, mimi? Mimi nawalisha wagonjwa." Hakugeuka. "Yale mayai ya chumba cha watoto, ulifikiri yanatagwa na masista? Tangu mwezi wa sita jiko haliletewi nyama wala maziwa. Papa Barnabé analeta mayai kila Jumatatu, mimi namupa kapsuli ambazo wewe mwenyewe unasema hazifai kitu."

"Hazifai kwa sababu yake."

"Sasa kama zimekwisha kufa, zinaua nini tena, Papa Labo?"

Ningeweza kumjibu. Ilitaka robo saa na sahani mbili. Badala yake nilikwenda kwa Daktari, nikaandika karatasi kwa mashine, naye akatia sahihi: *Ni marufuku kutoa tetrasikilini kwa ajili ya kuku.* Nikaibandika ukutani mwa farmasi. Ignace aliisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno.

"Sababu?"

"Sababu iko labo."

"Na mayai?"

"Mayai si kazi yangu."

"Sawa," akasema. "Nimesoma."

Jumamosi, 1 Desemba

Dawa chungu: 24.

Jumamosi, 8 Desemba

Dawa chungu: 24. Ziwa limefika kwenye ngazi za duka la Mgiriki. Dada yangu mdogo Générose amehamia kwangu na binti yake Immaculée, miaka minne, kwa kuwa nyumba yao ya mtaa wa chini ina maji ya magoti. Mtoto ananiuliza kila ninachoandika. Nimemwambia ni mvua.

Jumamosi, 15 Desemba

Dawa chungu: 24.

Mayai yanaendelea kuja hospitali kila Jumatatu. Basi mzee amekubali, kuku hawajafa, watoto wanakula. Ilitosha kuweka amri. Watu hawa wanataka amri, si maelezo.

Jumamosi, 22 Desemba

Dawa chungu: 23.

Jumamosi, 29 Desemba

Dawa chungu: 22. Huenda jeli ilikuwa nene. Nitapika nyingine.

Jumamosi, 5 Januari 1963

Jeli mpya, karatasi mpya, rula nyingine. Dawa chungu: 19.

Jumatatu, 7 Januari

Mvua siku tatu. Générose ananiambia nimekuwa mkali hata kwa sufuria.

Jumamosi, 12 Januari

Dawa chungu: 14 kwa watoto watano. Kwa wawili, 8.

Daktari alichukua rula mkononi mwangu akapima mwenyewe. Akapima tena. Akauliza nani anaitumia dawa hii nje ya hospitali. Nikasema hakuna. Nilikuwa na hakika. Chupa zote ziko farmasi, na Ignace anaandika kila kapsuli inayotoka.

Jumatatu, 14 Januari

Leo nimesoma daftari la Ignace. Sikulazimika kutafuta, ameandika wazi, mwandiko mzuri, tangu tarehe 26 Novemba, jioni ile ile: *Kuku, Papa Barnabé, kloramfenikoli.* Wiki saba. Chupa moja na nusu.

Nilimvuta kwa koti hadi ukutani, kwenye ile karatasi yangu. Wagonjwa waliokuwa foleni waligeuka kututazama.

"Soma."

Akasoma. "Ni marufuku kutoa tetrasikilini kwa ajili ya kuku."

"Na wewe?"

"Sikutoa tetrasikilini."

"Ulitoa hii. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, Ignace. Ya mwisho. Unajua maana yake?"

"Najua leo, kwa kuwa umesema leo." Alikuwa amekasirika pia. "Nilikuuliza sababu mbele ya ukuta huu. Ulinijibu iko labo. Mimi siingii labo, Casimir. Umeandika pale mulangoni kwamba ni wewe tu."

Nilimwachia koti. Ni kweli kuna karatasi kwenye mlango wangu pia.

Kutoka pale nilipanda moja kwa moja kwa Papa Barnabé, mvuani, bila koti. Nilitaka mtu ambaye ningeweza kumchukia bila kujibiwa. Alikuwa bandani na ndoo. Nilimuuliza kwa nini alikubali dawa nyingine baada ya kukatazwa. Hakuelewa kosa ni lipi, akanieleza kwa upole, kama anamfundisha mwanafunzi wa reli:

"Papa Casimir, pale Nyunzu nilikuwa napata karatasi: treni namba tano isipite. Sawa, namba tano nasimamisha. Namba sita ikija, napitisha. Karatasi haikusema sita. Kama nilisimamisha sita kwa kichwa yangu, wananifukuza, na njo vizuri, maana huko mbele kuna watu wanaingojea. Karatasi yako ilisema ya njano. Ya njano nilisimamisha siku ile ile."

"Ungeuliza."

"Ulikuja hapa ukasema naua watoto, ukageuka ukaenda. Ningeuliza mugongo yako?"

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nina hasira na Ignace, na mzee, na Mbelgiji aliyepigilia misumari akakimbia bila kuandika kwa nini. Nimeandika majina yao matatu kwenye ukurasa huu ili niangalie ni nani ana kosa kubwa, na kila ninapofika mwisho wa orodha nakuta aliyeandika karatasi ya pili ni mimi.

Jumanne, 15 Januari

Niliwaita Ignace na Papa Barnabé labo. Wamekaa kwenye viti viwili, kofia mapajani, nikawaonyesha sahani zote tangu mwezi wa kumi na moja ambazo nimezihifadhi. Nilitumia robo saa. Papa Barnabé aliuliza maswali mazuri kuliko Daktari. Akataka kujua kwa nini kijidudu cha kuku kimdhuru mtoto, wakati kuku mwenyewe hadhuriki. Nikasema sijui bado.

Jioni ameng'oa ile karatasi ya muzungu mlangoni, na misumari.

Jumamosi, 19 Januari

Dawa chungu: 6 kwa watatu. Wengine hakuna. Chupa iliyobaki nimeihamisha kutoka farmasi, nikaifungia kwenye kabati la labo.

Jumatatu, 21 Januari

Redio inasema Katanga iliyojitenga imekwisha. Mvua tangu asubuhi.

Jumamosi, 26 Januari

Kuku arobaini na zaidi wa Papa Barnabé wamekufa kwa kuhara tangu aache dawa. Leo hakuna mayai. Chumba cha watoto wamekula ugali mtupu na maji ya lengalenga, na mpishi amenitazama mimi, si Ignace.

Daktari ana jarida lililosema Wajapani wameona jambo, naye akaniambia nijaribu jambo hilo mwenyewe. Nilichukua vijidudu vya kuku visivyojali dawa chungu. Nikachukua vya mtoto mmoja kutoka Kabimba, mbali na mto wetu, vilivyokuwa bado vinakufa nayo vizuri, milimita 24. Nikavitia pamoja katika kichupa kimoja cha mchuzi wa nyama, siku moja tu. Kisha nikavitenganisha juu ya jeli yenye rangi, ambapo vya kuku vinakuwa vyekundu na vya kuhara damu vinabaki vyeupe. Vyeupe, nilipovipima peke yavyo: hakuna duara.

Vya mtoto havikuwahi kuionja ile dawa. Havikuwa na wakati wa kuizoea. Vilipewa. Kijidudu kimoja kimempa mwingine, wa kabila jingine, kinga aliyoipata bandani, na kwa mkupuo mmoja kimempa ya zote tatu: nyeupe, njano na chungu.

Basi saba wale walisema kweli, si Mama Clémentine peke yake. Niliwaita waongo mbele ya watu.

Jumatatu, 4 Februari

André wa Mama Clémentine aliletwa jana, damu, macho yameingia ndani. Sahani niliyoiandaa jana: hakuna duara, kwa dawa yoyote. Daktari amemwekea maji ya serumu kwenye mshipa, na mama anamtia mdomoni maji ya mchele yenye chumvi, kijiko kwa kijiko.

Jumanne, 5 Februari

Immaculée. Ilianza asubuhi, mchana hakuweza kusimama. Nimembeba mimi mwenyewe. Kitanda kilichokuwa wazi ni kile kilicho karibu na André.

Générose amenishika mkono mlangoni. "Yaya, kaka yangu, wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Fungua."

"Hakuna kitu ndani."

"Kuna chupa. Nimeiona."

"Kuna chupa, Générose. Hakuna dawa."

Alirudi kitandani kwa mtoto, akakaa na kijiko.

Jumatano, 6 Februari

Chupa ya serumu moja kwa watoto wawili. Daktari amegawa nusu kwa nusu mbele ya mama wote wawili. Nilitazama kama ni nusu kwa nusu. Ilikuwa.

Alhamisi, 7 Februari

Kijiko. Kijiko. Immaculée amekojoa mara moja, Daktari anasema ni habari nzuri. André hajakojoa.

Ignace amekuja kutoka kazini akakaa na Mama Clémentine, amemshikia taa na bakuli. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa, 8 Februari

André amefariki saa tano asubuhi.

Sikupima kitu leo.

Jumanne, 12 Februari

Immaculée amekaa kitandani. Ameomba ndagala, dagaa wa ziwa. Générose amecheka na kulia pamoja, na wauguzi wamekuja kutazama. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Wawili, maji yale yale, mchele ule ule. Hakuna kitu ninachoweza kuandika kwenye rejista kueleza kwa nini huyu na si yule, na mimi ni mtu ambaye kazi yake ni kueleza.

Alhamisi, 14 Februari

Mama Clémentine alikuja labo asubuhi, kitambaa cha msiba kichwani. Niliondoa karatasi ya mlangoni mwezi uliopita, basi aliingia bila kugonga. Hakukubali kiti.

"Papa Casimir, nimekuja kuuliza neno moja. Ule mutoto wa dada yako, mulimupa nini?"

"Maji ya mshipa. Na maji ya mchele."

"Na wangu?"

"Hivyo hivyo."

"Tulikuwa kitanda na kitanda. Niliona chupa moja ya maji. Lakini usiku nililala kidogo, siku ya pili. Njo nauliza."

"Hatukumpa kitu kingine, Mama."

"Watu wanasema uko na dawa ndani ya kabati. Wanasema ulikuwa unaichunga tangu mwaka jana, hata Ignace ulimukamata koti kwa sababu yake. Muntu anapigania kitu kisicho na kazi?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningeweza kukasirika, na nimekuwa hodari wa kukasirika tangu mvua ianze.

Nilifungua kabati. Nilitoa chupa, nikaiweka mezani mbele yake, nusu imejaa. Nikamwambia atazame mwenyewe. Nikatoa sahani ya mtoto wake na sahani ya Immaculée, nikaziweka kwenye mwanga wa dirisha, nikamwonyesha karatasi katikati na utando uliofika mpaka ukingoni mwake. Zilikuwa sawa. Aliuliza ipi ni ya André. Nilimwonyesha. Alikigusa kioo chake kwa kidole kimoja.

Kisha akafungua chupa, akamimina kapsuli kiganjani, akachuchumaa akazifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili.

"Za nini, Mama Clémentine?"

"Niko na wengine watatu nyumbani."

"Haziponyi. Nimekuonyesha."

"Kama haziponyi, unaninyima sababu gani?"

Lilikuwa swali la Ignace la mwezi wa kumi na moja, na safari hii sikwenda kuandika karatasi. Nilikaa sakafuni, kwa kuwa yeye alikuwa amechuchumaa, nikaanza mwanzo kabisa. Nilimweleza banda na ndoo ya asubuhi. Nilimweleza samadi aliyotia bustanini kwa mikono yake, na nikasema halikuwa kosa lake, na kwamba nilimwita mwongo na hakuwa mwongo. Nilimweleza vijidudu vinavyopeana, vya kuku kwa vya mtoto, katika kichupa na katika tumbo na katika mto. Nikamwambia kila kapsuli atakayowapa wale watatu haitaua vile vibaya. Itaua vile vinyonge tu, na kuviachia vibaya nyumba nzima. Nikamwambia mwezi huu au mwakani dawa nyingine itakuja na ndege, na tukiendelea hivi tutaiua nayo kabla hatujajua jina lake. Nilitumia karibu saa moja. Wagonjwa walingoja nje. Mara mbili aliuliza jambo nikajibu, na niliona ameelewa, maana swali la pili lilitoka ndani ya jibu la kwanza.

Nilipomaliza alitazama tena sahani ya André.

"Nimesikia, Papa Casimir," akasema. "Umesema vizuri. Nimesikia yote."

Akasimama, akashika lile fundo la kitenge kwa mkono wa kushoto, akaondoka nalo.